Maji ya muzazi, hapa kambi ya Kapata

Mama Kapinga, bibi yangu,

Mi muzee wa miaka sabini na mbili, nilishinda Babelgiji, njala na vita mbili ya jimbo yetu ya Shaba. Motere ya pompe ya maji ilipigwa risasi mu vita. Chef wa kambi anasema: "Tata, waya ya kuitengeneza iko Ulaya. Bazungu habatume mpaka Zaïre ilipe deni." Shaba ya ile waya, mi niliichimba!

Binti yetu amezaa mutoto mwanaume. Lazima muzazi aoge maji ya moto. Basi nikabeba ndoo ku kichwa toka mutoni. Bamama bakacheka: "Tata, uliolewa lini?"

"Tangu Zaïre ianze kukopa!"

Sikumwanga maji hata tone. Mutoto ana jina yangu. Bakia muzuri. Ukikataa kuamini, ukirudi uliza jirani, Mama Ngalula: ni yeye alinisokotea ngata ya kuwekea ndoo ku kichwa.