Vioo vya Rangi vya Mosoti

Homa Bay, 2 Machi 2026

Mama mpendwa,

Natumai goti limepunguza maumivu. Mimi ni mzima, ila nimeghadhabika. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Chrispine, anadai vioo vya rangi ninavyofunga kwenye darubini ya shule ni ulaghai. "Mwalimu, nikivaa miwani ya kijani hata mawe nitayaita sukuma wiki." Nilimwandikia kurasa nne za fizikia, hakusoma hata moja. Tarehe ishirini nisipowaridhisha wazazi, darubini itafungiwa stoo. Sikubali, kwa kuwa nina haki.

Mwanao,
Mosoti

Migori, 9 Machi 2026

Mwanangu,

Goti lapona. Mdomo wako je? Kwa hili niko upande wa Chrispine. Nimeuza vitambaa chini ya turubai la buluu miaka kumi na saba, na mteja mwenye akili hutoa kitambaa juani kwanza. Juzi dada yako Damaris alimkatia mjane kitambaa chekundu akidhani ni cheusi cha matanga. Tulitukanwa hadi jioni. Kwa nini usitazame kwa kioo kitupu? Nijibu kwa maneno ya sokoni, si ya chuo kikuu.

Mama yako

Homa Bay, 12 Machi 2026

Mama,

Pole kwa matusi, lakini Damaris amenipa hoja niliyoikosa. Chini ya buluu, chekundu huwa cheusi: ndicho ninachokitaka. Sayari ya Mshtarii ina mistari ya rangi ya udongo mwekundu, hafifu mno katika mwanga wake mkali. Kioo cha buluu huuzuia wekundu huo, na mistari hukolea. Hakiongezi kitu, hupunguza. Nitawatazamisha kwa kioo kitupu, kisha kwa buluu, nao wachore wenyewe. Njoo ubishane nami hadharani.

Mwanao

Migori, 23 Machi 2026

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama, na goti limestahimili safari. Sikubishana, kwani nilichora kama wengine: kwanza duara tupu, kisha duara lenye mistari miwili. Ulipokuwa ukipokea pongezi za Mwalimu Mkuu, Mzee Chrispine alikuja na karatasi yake, ina mistari mitatu. Akauliza, "Huyu kijana asiyejua kunyamaza ni wa nani?"

Nikasema ni wangu, kwa sauti ambayo hata walioketi safu ya nyuma waliisikia.

Mama yako