Shemeji wa Kitabuni na Shemeji wa Carama

Kamenge, Bujumbura

Mama yangu,

Pokea salamu zangu na za wajukuu zako wawili. Tunaamka salama, kikohozi cha mdogo kimepungua, na mkubwa ameanza kuuliza Kalemie kwa bibi ni wapi. Mguu wako je, bado unavimba? Usinifiche.

Ujumbe wako ulinifikia. Unasema kaka wa marehemu mume wangu, yule wa Carama, amekutumia kitenge, na ukoo wao unataka anirithi kwa kuwa matanga yamekwisha. Unasema nikubali, watoto wasije wakachukuliwa. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikujua niseme nini. Sasa najua.

Kule ateliye ninakoshona, mteja mmoja alituachia kitabu cha hadithi ya Kihindi, kimeandikwa kwa Kifaransa. Kwa kuwa mimi ndiye niliyegusa sekondari, wananipa nisome huku wao wanashona, nawageuzia kwa Kiswahili. Ni habari ya mjane kijana. Kwao mjane anavaa nyeupe, ananyolewa nywele, na samaki hali tena mpaka afe.

"Hata ndagala?" akauliza Mama Zuhura, mwenye ateliye.

"Hata ndagala."

"Hao wanataka kumuua."

Basi mdogo wa marehemu mumewe akawa anamletea samaki kwa siri, amemfunga katika karatasi, na hapo wakapendana. Siku moja mama mkwe akaokota mwiba wa samaki chini ya mkeka, nyumba nzima ikachafuka. Mimi nilisoma *beau-frère*, nikasema "shemeji". Cherehani zote zikasimama.

"Sasa kosa iko wapi?" akasema Mama Zuhura. "Shemeji si ndiye mwenye kumurithi? Wamupe tu."

Nikawaeleza kwamba katika kitabu kile mjane harithiwi wala haolewi tena, na kumpenda mwanamume yeyote ni aibu ya ukoo. Hawakuelewa. Ndipo Espérance, ninayekaa naye benchi moja, akanichokoza: "Na we, shemeji yako wa Carama anakuya lini?"

Nilijibu bila kupanga, Mama. Nikasema, "Mi simutaki."

Halafu Mama Zuhura akasema, "Basi mubadilishane. We uende kwa Wahindi, yule mjane akuye Carama." Tukacheka hata yeye mwenyewe akashona nje ya mstari. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na sikutaka kulirudisha.

Shemeji si mtu mbaya. Hanywi, na watoto anawasalimia. Ana mke wake, na mke huyo naye hakuulizwa. Najua wewe ulirithiwa na Baba Mdogo, na alinilea vizuri, sina la kumlaumu. Ila nakumbuka kwamba miaka yote ile ndani ya nyumba, mpaka tunamzika, ulimwita "shemeji".

Kitenge kirudishe kabla hakijakatwa. Watoto nitawalea mimi. Ukoo ukitaka kuwaona, waje, nitawapikia.

Nisalimie shangazi muuza mihogo, na mjomba fundi wa baiskeli, na mdogo wangu wa mwisho, asiache shule.

Shemeji akipiga simu kuuliza, usimwambie bado nafikiri, wala kwamba nimechoka. Mwambie, mwanangu amekataa.

Ni mimi mwanao,
Riziki