Hapana ya Kwanza

Haldor, Minnesota
11 Januari 1985

Mpendwa Shangazi Ardis,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mabomba yaliganda siku tatu.

Kuna jambo linaninyima raha. Hapa ofisi ya hati za ardhi tumepata karani mpya, Renata Villarreal, ametoka Texas. Meza zetu zinatazamana. Juzi akaniambia, "Soren, Jumamosi nimeazima kibanda cha kuvulia samaki kule ziwani, juu ya barafu. Njoo basi." Moyo ukaruka. Nikajibu kama mlivyonilea: "Hapana, asante, nisije nikakusumbua." Nikasubiri. Akasema, "Haya," akarudi kwenye faili zake.

Haya tu! Hakuuliza mara ya pili, sembuse ya tatu. Mtu anayealika mara moja ana nia gani? Nadhani alitaka nikatae. Au bosi amemtuma kunipima. Tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao,
Soren

16 Januari

Mwanangu Soren,

Marahaba. Goti linauma kama kawaida, kwa hiyo mimi mzima. Mgonjwa ni wewe.

Hivi nani kamwambia huyo binti kwamba sisi huku tunakataa mara mbili ndipo tukubali? Kwao ukisema hapana, ni hapana. Umemfungia mlango mwenyewe, halafu unamlaumu habishi tena. Kamwambie unataka kwenda. Leo.

Shangazi yako,
Ardis

22 Januari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia.

Mambo yameharibika. Jana alileta keki ya limau, akanisogezea sahani. "Chukua." Mdomo wangu ukasema "Hapana, asante" kabla sijafikiri. Akacheka: "Wewe bwana, kuna kitu chochote unachokitaka duniani?" Kwa nini aliuliza vile, mbele ya watu?

Leo nimeona barua yake ya uhamisho. Anakwenda Duluth, kazi yake hapa inaisha tarehe mosi. Anahama, au ananikimbia? Nimesikia siku inayofuata atakuwa ziwani kwa mara ya mwisho. Mimi hajanialika. Mtu anaendaje asikoalikwa?

Mwanao,
Soren

25 Januari

Soren,

Salamu baadaye. Ulialikwa. Usinijibu barua hii. Nenda.

Shangazi

2 Februari, kibandani

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa penseli, wino umeganda, na karatasi hii ni mfuko wa chambo.

Nilitembea juu ya barafu nikijua kila kibanda kinanichungulia. Nikabisha. Renata akafungua, akanitazama kuanzia buti hadi kofia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

"Umekuja tu? Wewe?"

"Mimi."

Akanikazia macho kama mtu anayekagua hati ya kughushi. Nilitaka kugeuka. Sikugeuka. Mwishowe akasogea pembeni. "Funga mlango basi, unaniingizia baridi."

Hatujapata samaki hata mmoja. Sasa hivi ameuliza kama naweza kumsaidia kesho kubeba makabati hadi Duluth. Nashuku barabara itateleza. Nashuku ana kaka huko na watakuwepo, na kwamba makabati ni mazito kuliko anavyosema. Hata yeye ananitazama hapa kwa wasiwasi, anadhani naandika habari zake.

Nimeshasema ndiyo.

Soren wako