Mgongo Wangu na Mtungi wa Kambini

Mwende mdogo wangu,

Huko nyumbani bado unachota maji ya zamu yangu huku umenuna? Basi sikia. Leo mwalimu wa kambi alitupeleka kwenye mto mkavu kutufundisha kutafuta maji porini. Wenzangu wa Nairobi wakaangaza macho wakitafuta mfereji wa kufungulia maji! Mimi nikachimba mchanga, nikamwaga maji ya kwanza yenye matope, nikangoja yatulie, nikachota. Wakanipigia makofi, nikabeba mtungi mgongoni mpaka kambini nikiimba.

Nitakuletea machungwa ya Kibwezi, usininunie.

Ukimsomea Mama kadi hii, anzia kwa machungwa. Akiuliza ule mgongo ulionizuia kuchota maji unaendeleaje, mwambie bado unauma sana.

Dadako akupendaye,
Mueni