Zamu za Maji na Balozi wa Nyumba Kumi

Jumamosi jioni, Chikongola. Joto limekaza, lakini umeme upo, nashukuru.

Leo nimeshinda nagombana na kompyuta. Mwalimu mstaafu wa hesabu, na ujuaji wangu wote, nashindwa na vijistari vya Python, lugha ya kuandikia programu!

Kesho akina mama wa mtaa wanakuja kuona programu niliyowaahidi, ya kupanga zamu za kuchota maji bombani. Raundi ya kwanza majina yote yanatoka. Raundi ya pili, kimya, hata jina moja. Wakiona hivyo watarudi kwenye kugombania foleni, nami nitaonekana mwongo.

Basi nikaanza kuchokonoa. Kumbe nikiandika for, amri ya kupitia orodha, lugha yenyewe inaita mbinu maalumu mbili nisizoziita mimi: __iter__ inamtoa mpitaji wa kuyapitia majina moja moja, kisha __next__ inamuuliza kila mara nani anafuata. Majina yakiisha, mpitaji anatoa StopIteration, yaani "nimemaliza", na mzunguko unakoma.

Mpitaji. Nikamkumbuka Mzee Chilumba.

Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi kule Mahurunga, enzi za ujamaa, mimi bado mtoto. Sukari ikifika duka la kijiji, yeye aliigawa nyumba kwa nyumba na kibaba chake. Nyumba zilikaa pale pale. Aliyetembea ni yeye, na yeye ndiye aliyejua amefika wapi.

Hapo nikacheka peke yangu. __iter__ yangu ilikuwa inamrudisha balozi yule yule aliyekwisha kumaliza njia. Umtume tena aende wapi? Nikairekebisha itoe balozi mpya kila raundi, anayeanzia nyumba ya kwanza. Majina yakatoka, raundi ya pili, ya tatu. Nikapiga makofi kama mwehu.

Kisha furaha ikaniishia.

Nyumba ya kwanza, kila mara? Yetu ilikuwa ya mwisho. Mzee Chilumba hakuwa mwizi, ila sukari ilikuwa ikiisha kabla hajatufikia. "Uji wa chumvi leo, mwanangu," mama alikuwa akisema, anakoroga bila kuniangalia. Nilimchukia sana yule mzee.

Na bomba letu nalo hukauka kabla ya ndoo za mwisho.

Ipo mbinu nyingine, __reversed__, inayompa balozi njia ya kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Nimeiandika sasa hivi. Raundi moja itaanzia huku, inayofuata itaanzia kule.

Imechukua mistari michache tu. Mama, mbona hatukumwambia aanzie kwetu?