Mafuta Yalikuwa Vuguvugu

Ganshoren, Brussels

Mume wangu Ibrahimu,

Hamjambo wewe na watoto? Huku ni mvua tu, na koti ulilonichagulia linanifaa.

Jana maabarani, tulipokuwa tukijaribu mafuta mapya ya mashine, gia zilishikana zikakwama. Mafuta tangini yalikuwa vuguvugu, lakini pale meno yanapogusana joto lilipanda mno, utando wa mafuta ukakatika, chuma kikang'ata chuma. Bosi anataka niandike joto la tangi peke yake, mafuta yaonekane yamefaulu. Yatatumika kwenye lifti za hospitali. Nimemkatalia.

Mkataba wangu unakaribia kuisha, na wa kuuongeza ni yeye.

Kile chumba cha uani usikipangishe kwanza. Nikirudi mapema, nipokee kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Mkeo,
Stumai