Moto Niliokuzidishia, Baba

Baba,

Sijui nikusalimie vipi sasa. Barua ya Kaka imenifikia wiki tatu baada ya kukuzika. Hapa Ufaransa sina wa kulia naye. Niliketi chini peke yangu kama tunavyoketi kwenye kilio, halafu nikaona haya, nikasimama, nikachemsha chai.

Nakumbuka asubuhi za Shituru, kule Likasi. Kabla ya kwenda kwenye tanuru la shaba ulisimama mlangoni, ukainua juani vioo vyako viwili vya buluu vya kutazamia ukali wa moto, kimoja chembamba na kimoja kinene, ukitafuta ufa. Nilikucheka. Ukaniambia, ukiniita mama kwa kuwa nabeba jina la mama yako: "Mama, vere moya inaweza sema bongo. Uliza na ya pili." Kioo kimoja chaweza kusema uongo, ndivyo ulivyomaanisha.

Kazi yangu huku ni hiyohiyo, kupima moto. Tunapiga kidonge kidogo kuliko punje ya mtama kwa miale ya leza kutoka kila upande. Kinajibana na kuwaka, na kabla hujapepesa jicho kimekwisha. Hakuna kipimajoto cha kuingiza mle. Napima mionzi inayopenya bamba jembamba la alumini, kisha ile inayopenya bamba nene. Nikilinganisha, najua joto.

Kaka aliponiandikia kwamba unaumwa sana, nilitaka kukufurahisha haraka. Jaribio likatoa joto ambalo maabara yetu haijawahi kulipata. Nikakuandikia siku ileile: Baba, nimekupita kwa moto.

Juzi ndipo nilipoinua bamba nene mbele ya taa. Lina tundu, dogo kama ncha ya sindano. Mionzi dhaifu ilipita humo, nami nikaidhania mikali. Joto lile halikuwepo. Sikulikagua bamba kabla ya jaribio. Mimi, mtoto wako! Nimemwambia mkubwa wangu. Alifuta matokeo, na tangu hapo wenzangu wa maabara wananiacha nile peke yangu.

Hilo navumilia. Kinachoniuma ni kile alichoandika Kaka mwishoni: kwamba ulimsomea barua yangu kila aliyekuja kukuona, na walipokulaza kwenye sanduku waliiweka kifuani mwako. Umezikwa na kosa langu, Baba.

Lala salama. Nakuahidi, nikirudi Likasi nitawaita wenzako wa tanuru, twende wote kaburini, niisome barua hii kwa sauti hadi mwisho. Wakicheka, wacheke. Kisha ndipo nitakulilia.

Mwanao